Fungua Ndani, Taisiya

Sehemu ya Kumi na Moja

Taisiya Korobeinikova hakuvunjika kitu. Nalisema mapema ili wale waliolala na wasiwasi tangu Alhamisi iliyopita wapumue. Ameanguka, ndiyo. Alivutwa mguu kwenye kona ya mwisho ya nusu fainali, akateleza kwa tumbo hadi kwenye magodoro ya ukutani, na sasa yuko chini kwenye barafu, amekaa, helmeti imemkaa upande, akiwa wa mwisho. Mwili ni mzima. Kilicho hatarini ni kingine.

Juu ya jukwaa dogo, waamuzi watatu walikuwa wameinamia video. Wakisema ameanguka mwenyewe, anarudi nyumbani. Wakisema ameangushwa, anaingia fainali.

Na fainali ile ya mita elfu moja si fainali ya medali tu. Ilikuwa imebaki nafasi moja katika timu ya taifa ya wanawake, na tangazo lilibandikwa mlangoni tangu Jumatatu: mshindi anaingia. Taisiya alikuwa na miaka ishirini na tisa. Katika mchezo huu wa kuzunguka barafuni kwa nyembe, umri huo wasichana wenzake walishaanza kumwita bibi, na hawakuwa wakitania sana.

Vasilisa, yule aliyemvuta, alikuja akiteleza taratibu, mikono kiunoni.

"Sikukugusa," alisema.

"Basi nimejivuta mwenyewe," Taisiya alijibu.

"Unajua ninavyomaanisha."

"Najua. Ndiyo maana bado nimekaa chini, nisije nikakuonyesha ninavyomaanisha mimi."

Kipaza sauti kikakohoa. Ukumbi mzima wa Sosnovy Yar ukanyamaza, hata wale wa safu ya nyuma waliokuwa wakimenya mbegu za alizeti.

"Namba thelathini na moja ameondolewa. Namba ishirini na tatu, Korobeinikova, anapelekwa fainali."

Taisiya alipiga barafu kwa ngumi mara moja. Akanyanyuka. Mguu wa kulia ukamkimbia, karibu akae tena. Alitazama chini akaona wembe wake wa kulia umegonga chuma cha ukutani: makali yameng'oka na wembe umenyooka kama rula.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi mchana. Fainali ilikuwa saa saba na nusu.

Mlangoni mwa uwanja alisimama Gennady Lvovich, kocha wake tangu ana miaka kumi na mitano, mtu wa mabega mapana na sauti iliyozoea kushindana na kelele. Msimu huu alikuwa amepewa na kazi nyingine kubwa: yeye ndiye mkuu wa msafara wa wanawake kwenda mashindano ya Ulaya. Hakumpa pole wala pongezi.

"Twende kando," alisema.

Walisimama nyuma ya lile gari la kulainishia barafu, ambako hakuna mtu anayesimama bila sababu.

"Mguu?"

"Mzima."

"Mbavu?"

"Zipo zote."

"Vizuri. Ulyana wetu yuko fainali."

"Nami niko fainali," Taisiya alisema. "Umesikia kipaza sauti."

"Ndiyo maana nazungumza na wewe. Utachukua mbele kuanzia mzunguko wa tatu. Uwavute kwa kasi hiyo hiyo, hawa wa Ural wachoke. Ikibaki mizunguko miwili, fungua ndani."

Msomaji mgeni asipotee hapa. Kufungua ndani ni hivi: aliye mbele anaiachia kona kidogo, anakwenda nje kwa upana wa mkono mmoja, na mwenzake wa timu anapenya kati yake na vile vibonge vyeusi vya kuonyesha njia. Watu jukwaani wanapiga makofi, wanasema binti kajua kupita. Sheria inakataza. Akikamatwa aliyefungua, anafungiwa pamoja na aliyefunguliwa. Lakini nani atamkamata, wakati aliyejua kwamba imefunguliwa ni miguu yake tu?

Taisiya alishafungua kwa wasichana wanne wa Gennady Lvovich. Wa mwisho alikuwa Ulyana, Novemba, na Ulyana akaondoka na dhahabu.

"Mwaka jana ulisema ni mara ya mwisho," alisema.

"Ilikuwa ya mwisho kwa mwaka jana."

"Gennady Lvovich, nina miaka ishirini na tisa."

"Kalenda ninayo. Yeye ana kumi na tisa. Yeye ana mbele, wewe una nyuma. Sikutukani, nahesabu. Wewe ni mtu wa timu, Taya."

Neno hilo lilimchoma kuliko lile la bibi. Miaka saba alikuwa mtu wa timu. Alikwenda mashindano makubwa manne akiwa akiba: akavaa suti ya taifa, akapasha mwili moto, akakaa kwenye benchi na blanketi magotini, akarudi. Hajazunguka hata mzunguko mmoja. Siku moja mama yake aliona nusu ya uso wake kwenye televisheni, nyuma ya bega la mtu, akawapigia simu majirani wote wanaotumia ngazi moja naye.

"Na nikikataa?"

"Hukatai," Gennady Lvovich alisema kwa upole. "Hujawahi."

Akaondoka zake. Na lililomkera Taisiya ni kwamba mtu huyo hakuwa amesema uongo.

*

Chumba cha mzee Prokhor kilikuwa chini ya ngazi, kinanuka mafuta ya mashine na soseji. Mzee alikuwa na miaka sabini na moja, viatu vya manyoya miguuni, miwani imefungwa kwa kamba. Alikuwa akinoa nyembe pale tangu ukumbi ule haujapata paa. Mwezi uliopita meneja mpya alimwambia waziwazi: kosa moja tena, nenda kwenye bustani yako ukapande viazi.

Taisiya aliweka kiatu mezani.

"Mzee, nina dakika thelathini na tano."

"Nimewahi kufanya kwa ishirini, nikiachwa ninywe chai yangu." Aligeuza kiatu kwenye mwanga. "Umenyooka kabisa. Uligonga nini, treni?"

"Ukuta."

"Ukuta haujambo?"

Alicheka peke yake, akafungua daftari lake lenye jalada la kitambaa. Wembe wa mchezo huu haukai wima. Unakunjwa kidogo kuelekea kushoto, kwa sababu kona zote ni za kushoto, na kila mtelezaji ana mkunjo wake. Ukizidi unakutupa ndani, ukipungua unakupeleka nje. Vipimo vya watu wote vilikuwa ndani ya daftari lile, na hapakuwa na nakala nyingine duniani.

Mzee alilamba kidole, akafunua, akapata alichotaka. Akabana wembe kwenye mtambo, akakunja, akapima, akakunja tena. Kisha jiwe likaanza kuimba.

"Kakwambia tena ufungue," alisema bila kuinua kichwa.

Taisiya alishtuka. "Nani kakwambia?"

"Nakunolea tangu una miaka tisa. Wembe wa anayefungua unalika upande wa nje. Kila baada ya mashindano nauona, nanyamaza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba miguu ni yako?" Alipuliza vumbi la chuma. "Na wewe mbona hukuniambia?"

Taisiya alikaa juu ya kreti, akapewa kipande cha mkate na soseji, akala bila kusikia ladha. Hasira ilikuwa imemjaa, na hakujua aielekeze kwa nani: kwa kocha aliyeamuru, kwa mzee aliyenyamaza, au kwa mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyekuwa akitii.

"Leo hautalika upande huo," alisema mwishowe.

Mzee alimkabidhi kiatu. Akatema mate mara tatu hewani juu ya bega la kushoto, kama desturi inavyotaka, kisha akamtakia heri kwa maneno ya kinyume.

"Haya, usipate hata unyoya."

"Nenda kwa shetani," Taisiya alimjibu, kama inavyotakiwa kujibiwa, na mzee akaridhika kabisa.

*

Kwenye benchi la kusubiria, Ulyana alikuwa akitafuna aprikoti kavu. Binti mwembamba, nywele amezisuka misuko miwili iliyobana, macho yasiyojua kuficha kitu. Alimsogelea Taisiya akaegemeza bega kwake.

"Dada Taya, nilidhani umevunjika. Nilitaka kulia."

"Ulitaka kulia, au ulitaka nafasi?"

"Vyote viwili," Ulyana alisema, akacheka. "Leo nitakupita tena kama Novemba. Usininunie. Unajua baba yangu ameitundika picha ya siku ile wapi? Kazini kwake, kwenye karakana ya treni. Mafundi wote wanajua nilivyokupita kwa ndani. Anawaeleza kwa vikombe vya chai, hiki ni mimi, hiki ni wewe."

"Mimi ni kikombe gani?"

"Kile kikubwa."

Taisiya alijikuta anacheka, kisha kicheko kikamkwama. Msichana hajui. Siku zote Taisiya alidhani labda anajua na anajifanya hajui, na ingekuwa rahisi zaidi kumchukia. Ulyana alivaa helmeti yake. Namba saba.

Namba saba ilikuwa ya Taisiya kwa miaka kumi. Vuli iliyopita namba zilipangwa upya kwa matokeo. Yeye akashushwa hadi ishirini na tatu, na saba akapewa Ulyana. Alishazoea, au alijiambia hivyo.

Waliitwa watano. Taisiya akaingia barafuni, akapiga hatua nne za kasi kuijaribu kona.

Mguu wa kulia ukamchukua nje.

Alijaribu tena. Nje tena. Kidogo tu, upana wa kiganja, lakini kwa kasi ya mashindano kiganja kinakuwa mkono mzima. Mzee amekosea mkunjo. Amekosea vipi, mtu aliyemnolea miaka ishirini?

Kisha akamwona Ulyana akipita mbele yake na ile saba kichwani, na jibu likamjia lenyewe. Mzee Prokhor hakuandika majina katika daftari lile. Aliandika namba za helmeti. Tangu vuli alikuwa akimnolea tu, hakuwa amemkunjia wembe upya; leo, kwa mazoea ya miaka kumi, alifungua saba, na saba ya msimu huu ni Ulyana, msichana wa kilo arobaini na nane anayehitaji mkunjo mdogo. Taisiya alikuwa amevaa mguu wa kulia wa mwenzake.

Angeweza kuinua mkono. Mwamuzi angeuliza kuna nini, naye angesema wembe umekunjwa vibaya. Mwamuzi angeandika, hakuna mbio zinazosubiri wembe, na meneja angesoma. Aliwaza vile viazi.

"Mahali penu," mwamuzi alisema.

Hakuinua mkono.

*

Bastola ililia. Wawili wa Ural walichomoka, mmoja wa Siberia akawafuata, Taisiya wa nne, Ulyana nyuma yake. Mizunguko tisa. Miwili ya kwanza alikaa akihesabu ni kiasi gani kila kona inamwibia. Inamwibia mengi. Alikuwa anazunguka njia ndefu kuliko wote kwa gharama ya mapaja yake mwenyewe.

Mzunguko wa tatu aliwapita wote watatu kwenye sehemu iliyonyooka, ambako mkunjo si hoja, akashika mbele. Ulyana akapenya naye, wa pili.

"Vizuri," sauti ya Gennady Lvovich ilisikika kutoka kwenye kizimba cha makocha. "Vizuri, vuta."

Alivuta. Mzunguko wa nne, wa tano, wa sita. Kila kona alikaza goti abane ndani, na kila kona wembe ulimtoa nje. Mlango ulikuwa wazi na si yeye aliyeufungua. Alitamani kusimama na kupiga kelele. Siku moja tu katika maisha yake ameamua kubana, na chuma chenyewe kinamsaliti.

Ikabaki mizunguko miwili. Kwenye kona, Ulyana akaona nafasi, akaingia. Safi, haraka, bila kumgusa. Mara ile ile mmoja wa Ural alijikwaa nyuma yao, akagonga magodoro, na watu wote jukwaani wakavuta pumzi na kunyamaza.

Katika ule unyamavu, sauti iliyozoea kushindana na kelele ilisikika hadi katikati ya barafu.

"Umefungua vizuri, Taya. Sasa kaa hapo hapo."

Ulyana aligeuza kichwa. Kidogo sana, nusu ya sekunde, lakini mtelezaji aliye mbele hageuzi kichwa kwa jambo dogo.

Na Taisiya je? Damu ilimchemka hadi masikioni. Miaka saba alifungua na hakuna aliyemshukuru. Leo hakufungua, na ndiyo kwanza anapongezwa.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ililia. Alikuwa wa pili, mita moja nyuma. Kwa ndani hawezi kupita, wembe haumruhusu. Basi aache kugombana nao. Unataka nje? Twende nje.

Kona ya kwanza hakubana kabisa. Aliuachia mguu wa kulia umpeleke unakotaka, upana wote, karibu na magodoro, na kasi ikaja yote bila kupotea hata tone. Alitoka kwenye kona wakiwa bega kwa bega, yeye nje, Ulyana ndani. Kona ya mwisho ikaja. Nje tena, njia ndefu, mapaja yanawaka moto. Ulyana hakukata tamaa, msichana ana moyo, lazima niseme. Mita kumi. Mita tano. Taisiya akarusha mguu wa kulia mbele, ule ule wa kuazima, na wote wawili wakavuka mstari.

Walisubiri picha ya mstari wa mwisho. Ulyana alikuwa ameinama, mikono magotini, hamtazami mtu.

"Wa kwanza, namba ishirini na tatu."

Kwa ncha ya wembe. Sentimita nne.

Taisiya alikaa chini kwenye barafu kwa mara ya pili siku ile, na safari hii alilia waziwazi, na hakujali nani anaona.

*

Ningewaacha hapo, mngelala vizuri. Lakini hadithi hii si ya kulala vizuri.

Ofisi ya katibu wa mashindano ilikuwa na meza moja, mihuri sita, na Alevtina Markovna, mwanamke mwenye shali begani anayekunywa chai ya limau na kupiga mihuri kama anayeua nzi. Fomu ya Taisiya ilikuwa tayari mezani, imeshajazwa. Gennady Lvovich alisimama dirishani, mikono mfukoni, mtulivu.

"Hongera, mwanangu," Alevtina Markovna alisema. "Saini hapo chini."

Taisiya alisoma. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Kocha binafsi: Gennady Lvovich Tarkhov. Nafasi katika timu: akiba.

Alisoma tena, labda macho yana jasho.

"Hapa kuna makosa."

"Wapi?" Gennady Lvovich aliuliza.

"Nimeshinda."

"Umeshinda na umeingia timu. Tangazo linasema mshindi anaingia timu. Halisemi anateleza."

"Anateleza nani?"

"Ulyana. Mkuu wa msafara anaruhusiwa kuongeza mmoja kwa chaguo lake."

"Niliyemshinda."

"Aliyekupita kwa ndani mbele ya watu elfu mbili," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye haki. "Umeachia ndani kila kona, Taya. Mizunguko tisa, kona kumi na nane, nimehesabu. Siku moja una bahati, unazunguka nje. Kule Ulaya watakupita hata wapiga picha. Mimi ni mkuu wa msafara, lazima niangalie ufundi."

Maneno yalimfika Taisiya kwenye meno, na hapo yakasimama. Aseme ni wembe? Atakuwa amemfukuza mzee Prokhor kazi kwa mdomo wake. Aseme wewe ndiye uliyeniamuru nifungue? Kijiko cha Alevtina Markovna kilikuwa kinazunguka kwenye kikombe, na kila mtu anajua masikio yake yanafika mbali. Anayefungua anaadhibiwa sawa na anayefunguliwa. Kila upande aliogeukia alikuwa amebanwa, na aliyembana alijua hivyo, na alikuwa anatazama theluji nje kwa raha zake.

"Ukirudi utakuwa kocha msaidizi," aliongeza. "Nimeshakuombea. Saini, tukale."

Taisiya alichukua kalamu.

Alikata jina la Gennady Lvovich kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika, kwa herufi kubwa za mtoto wa shule: Hana. Anajifundisha mwenyewe.

Kisha akasaini.

Alevtina Markovna alivaa miwani. Akasoma. Akanywa funda moja la chai.

"Hiyo inaruhusiwa?" Gennady Lvovich aliuliza. Mikono ilikuwa imetoka mfukoni.

"Inaruhusiwa. Nimeshaipokea mara moja, kwa mrusha mkuki aliyeachana na kocha wake. Kocha alikuwa mumewe." Aliweka kikombe. "Ila fomu isiyo na kocha haipiti kwa saini ya mkuu wa msafara peke yake. Inasomwa mbele ya baraza, makocha wote watano, na mwanariadha anaulizwa maswali. Leo saa kumi."

"Watakuuliza kwa nini umenikata," Gennady Lvovich alimwambia Taisiya. Alishaanza kutabasamu tena. "Utawajibu nini? Hebu tujaribu hapa hapa. Kwa nini?"

Yule mtu alijua kwamba sababu yote ilikuwa neno moja, kufungua, na neno hilo lingemfungia msemaji kwanza.

Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Ukasukumwa. Ulyana alisimama kizingitini, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi tupu, kiatu cha pili mkononi. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada Taya. Kocha alisema umefungua vizuri. Nilisikia."

"Toka nje, Ulyana, tuna kazi," Gennady Lvovich alisema.

"Siongei na wewe, kocha." Na hiyo, wasomaji, ilikuwa mara ya kwanza msichana yule kumjibu hivyo mtu aliyemlea kimchezo tangu ana miaka kumi na miwili.

"Leo sikufungua," Taisiya alimwambia. "Naapa kwa mama yangu. Ulipita mwenyewe."

"Sijauliza leo. Leo umenishinda, nimeona picha." Ulyana aliingia hatua moja ndani. "Nauliza Novemba. Nilikupita, au uliniachia?"

Taisiya akisema ulipita mwenyewe, ataingia barazani mikono mitupu, atatoka akiwa akiba mpaka miguu yake iishe. Akisema nilikuachia, dhahabu ya Novemba inafutwa, na wanafungiwa wote: kocha, yeye, na huyu msichana asiyejua chochote, aliyesimama na soksi yenye tundu kwenye kidole.

Gennady Lvovich alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemwona mtoto akisogelea jiko.

Alevtina Markovna alisogeza mihuri pembeni. Akavuta karatasi safi, akaandika tarehe na saa juu yake.

"Jibu, Taisiya," alisema. "Lakini ujue, kinachosemwa mbele yangu kabla ya baraza nakiandika. Ndiyo kazi yangu."

Taisiya alimvutia Ulyana kiti.

"Keti kwanza," alimwambia.

Ulyana hakuketi.